Ukienda Namib, Fuata Maji

Watu wanaopanga safari ya Namibia huniuliza mambo matatu: joto likoje, nyoka ni wengi kiasi gani, na tuta lipi la mchanga linapendeza zaidi kwenye picha. Maji huulizwa kwa nadra, na yakiulizwa, swali huwa ni chupa ngapi za kubeba. Hilo nitalijibu, ila mbele kidogo. Kwanza nataka anayefikiria kutembea kwa miguu katika hifadhi za jangwa la Namib aelewe jambo ambalo waongoza watalii wengi hulipita haraka. Karibu kila kitu atakachokiona huko, yale matuta mekundu, vile vibonde vyeupe vya udongo mkavu, yale makorongo yenye kina cha mamia ya mita, kimeletwa na maji, kimekatwa na maji au kimezuiwa na maji. Akilijua hilo, ataisoma ramani ya hifadhi bila taabu, na masharti ya njia zake, ambayo wageni wengi huyalalamikia kwamba ni usumbufu, yatamwingia akilini.

Namib ni ukanda mwembamba wa jangwa unaofuata Bahari ya Atlantiki kwa takriban kilomita 2,000, kutoka kusini mwa Angola, kupitia Namibia yote, hadi ncha ya kaskazini magharibi ya Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya pwani yake hupata mvua isiyozidi milimita 20 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Ukame huo umedumu kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na ndiyo maana Namib huhesabiwa miongoni mwa majangwa makongwe kuliko yote duniani. Chanzo chake, kwa kejeli fulani ya maumbile, ni bahari yenyewe. Mkondo wa Benguela huleta maji baridi kutoka kusini na kuipoza hewa iliyo juu yake, na hewa iliyopoa hubaki chini, haipandi kutengeneza mawingu ya mvua. Upande wa mashariki nako hakuna msaada, kwa kuwa pepo zinazotoka Bahari ya Hindi huwa zimekwisha kumwaga unyevu wao njiani kabla ya kulivuka bara zima.

Katikati ya ukanda huo ndipo ilipo Hifadhi ya Namib-Naukluft, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000. Kwa msomaji wa Tanzania, hapo zinaingia Serengeti tatu na nafasi inabaki. Sehemu yake ya kusini imefunikwa na bahari ya mchanga ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2013, na upande wa mashariki inapanda hadi kwenye milima ya Naukluft. Njia za miguu ninazozieleza hapa ziko katika hifadhi hii, isipokuwa moja iliyo mbali kusini.

Tuanze na mchanga wenyewe. Mgeni akiyaona matuta ya Sossusvlei hudhani mchanga ule ulizaliwa palepale, kwamba mawe ya jangwani yamesagika kwa jua. La hasha. Sehemu kubwa ya mchanga wa Namib imeletwa na mto Orange, ambao chanzo chake kiko kwenye milima mirefu ya Lesotho, upande wa pili wa bara. Mto humwaga mchanga baharini kwenye mpaka wa Namibia na Afrika Kusini. Mawimbi na mikondo ya pwani huusukuma kuelekea kaskazini, kisha pepo kali za kusini huuokota ufukweni na kuutupa nchi kavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mchanga huo umekuwa ukizunguka ndani ya jangwa kwa muda usiopungua miaka milioni moja. Wekundu wake ni kutu ya chuma iliyovaa kila chembe, na kwa kawaida kadiri unavyoiacha pwani na kuingia ndani ndivyo rangi inavyokolea, kwa sababu mchanga wa huko umekaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo anayeendesha gari kutoka ufukweni hadi Sesriem huwa anapita kwenye kalenda ya mchanga, toka njano iliyofifia hadi nyekundu ya tofali.

Njia hiyohiyo ya mto na bahari ndiyo iliyoleta almasi. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala aliokota jiwe linalong'aa karibu na mji wa Lüderitz. Leseni za kuchimba alizichukua bosi wake Mjerumani, August Stauch. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ililifunga eneo kubwa la kusini, na watu wa kawaida hawakuruhusiwa kulikanyaga kwa karne nzima. Eneo hilo limekuwa hifadhi ya taifa, Tsau ǁKhaeb, tangu 2008, lakini hadi leo sehemu kubwa haiingiliki bila kibali. Ukitazama ramani ukashangaa kwa nini sehemu kubwa hiyo ya kusini haina njia za watembeaji, jibu ndilo hilo.

Upande wa kaskazini, matuta hukoma ghafla, kama yamekatwa kwa kisu. Kilichoyakata ni mto Kuiseb. Kwa muda mwingi wa mwaka Kuiseb ni mfereji mkavu wenye migunga kingoni, na dereva asiyejua huuvuka bila kutambua kwamba amevuka mto. Lakini mvua ikinyesha vizuri kwenye nyanda za juu karibu na Windhoek, maji hushuka kwa kishindo na kuuzoa mchanga wote uliokuwa umeanza kuingia bondeni. Mafuriko ya siku chache yanatosha kuuzuia upepo wa miaka. Kusini mwa mto kuna bahari ya mchanga, kaskazini kuna uwanda wa changarawe hadi upeo wa macho.

Mto wa pili ambao mgeni anapaswa kuujua ni Tsauchab, ndio uliotengeneza mandhari yanayopigwa picha kuliko yote nchini humo. Unashuka kutoka upande wa milima ya Naukluft, unapita Sesriem, unaingia katikati ya matuta na kufia hapo. Haujawahi kufika baharini katika kumbukumbu ya mtu yeyote. Mahali unapofia panaitwa Sossusvlei, bonde la udongo mweupe lililozungukwa na matuta, ambalo kwa nadra sana, baada ya mvua kubwa milimani, hujaa maji na kuwa ziwa la muda. Jirani yake ni Deadvlei. Hapo zamani Tsauchab ulikuwa ukifika, migunga ikaota na kukua. Kisha hali ya hewa ikawa kavu zaidi, matuta yakasogea na kuufunga mkono wa mto, miti ikafa kwa kiu. Hayo yalitokea kiasi cha miaka 600 au 700 iliyopita, na miti bado imesimama. Haijageuka mawe, kama baadhi ya waongozaji wanavyopenda kusema. Ni mbao za kawaida, zimekaushwa na kuunguzwa na jua hadi zikawa nyeusi, na hazijaoza kwa sababu kuoza nako kunahitaji unyevu. Ndiyo maana hairuhusiwi kuipanda wala kuiegemea. Tawi likivunjika leo, hakuna litakaloota badala yake.

Kutoka lango la Sesriem hadi hapo ni barabara ya lami ya kilomita 60, halafu kilomita kama tano za mchanga mtupu ambazo gari dogo haliwezi. Kuna magari ya kupeleka watu na kuwarudisha, na ninamshauri kila asiyezoea kuendesha mchangani ayatumie. Gari lililokwama pale kwa kiburi cha dereva ni kituko cha kila asubuhi. Ukishuka, mwendo wa miguu hadi Deadvlei ni wa kilomita moja na ushee, na huo kila mwenye afya anauweza. Kazi iko kwenye matuta.

Watanzania wana darasa zuri la matuta nyumbani. Karibu na Bonde la Olduvai, katika Hifadhi ya Ngorongoro, kuna lile tuta jeusi la majivu ya volkano linaloitwa Mchanga Unaohama. Lina umbo la mwezi mwandamo kwa sababu upepo wa pale huvuma kutoka upande mmoja, na husogea takriban mita 17 kila mwaka. Matuta ya Sossusvlei ni ya aina nyingine. Pepo za pale huja kutoka pande tofauti kwa misimu tofauti, kila moja ikirudisha mchanga ulioletwa na mwenzake, hivyo mchanga hurundikana kwenda juu na tuta huota mikono kama nyota. Halina pa kwenda, linapanda tu. Tuta linaloitwa Big Daddy, lililo kando ya Deadvlei, lina urefu wa zaidi ya mita 300, na njia ya kulipanda leo ni ileile waliyopita waliopanda miaka kumi iliyopita, kwa mgongo wa mkono mmoja wa nyota.

Namna ya kulipanda ina ufundi wake. Mchanga uliolala upande usio na upepo hukaa kwenye mwinamo wa kiasi cha nyuzi 33, na ukikanyagwa humomonyoka. Ukiupandia huo utapiga hatua mbili na kurudi moja na nusu. Pita kwenye ukingo wa juu kabisa, upande ambao upepo umeushindilia, na uweke mguu kwenye nyayo za aliyetangulia, kwa kuwa zimekwisha kuugandamiza mchanga. Panda alfajiri, maana unyevu kidogo wa usiku huzishikamanisha chembe za juu. Kufikia saa nne mchanga umekauka na kulegea, na miguu huzama hadi kwenye vifundo. Adhuhuri za kiangazi uso wa mchanga unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Wanaopanda peku asubuhi, kwa raha ya ubaridi wa mchanga, wakumbuke kufunga viatu begini. Kushuka ni burudani. Teremka moja kwa moja kwa ule upande laini, kwa visigino, hadi sakafu nyeupe ya Deadvlei.

Saa za lango zimepangwa kwa ajili ya hilo. Lango la nje la Sesriem hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama. Walio kwenye kambi au malazi ya ndani huruhusiwa kuanza safari saa moja kabla ya mapambazuko. Hiyo saa moja ndiyo unayoilipia unapochagua kulala ndani, na kwa mpandaji wa matuta ina thamani kuliko kitanda kizuri cha hoteli ya nje.

Ukiwa juu ya tuta alfajiri, chutama uangalie chini. Ukungu ukiwa umeingia usiku, hasa kwenye matuta yaliyo karibu zaidi na pwani, unaweza kumkuta mbawakawa mweusi mwenye miguu mirefu akiwa amesimama ukingoni, kichwa chini, mgongo juu, ameuelekea upepo. Hatikisiki. Mgongoni mwake matone madogo yanaungana, yanakuwa tone moja, linateleza polepole kwenye gamba lake na kuishia mdomoni. Anakunywa. Mwaka 1976 watafiti walioko Gobabeb, kituo cha utafiti kilichoanzishwa kando ya mto Kuiseb mwaka 1962, walieleza tabia hiyo kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, na tangu hapo wahandisi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu kuiga gamba lile ili kuvuna maji ya ukungu.

Ukungu huo ni zawadi ya mkondo uleule wa Benguela unaoinyima pwani mvua. Unaweza kuingia kilomita zaidi ya 50 ndani ya nchi, wakati mwingine karibu 100, na kwa viumbe wengi wa pale ndio maji ya uhakika, kwa kuwa mvua inaweza kukosekana miaka kadhaa. Mimea nayo ina mbinu. Nara ni mtikiti wa mwituni usio na majani, umebaki miiba na vijiti vya kijani, na mizizi yake hushuka mita nyingi kutafuta maji yaliyojificha chini ya mchanga. Watu wa jamii ya Topnaar, wanaoishi kando ya Kuiseb, wamekuwa wakivuna matunda yake na kula mbegu zake vizazi na vizazi. Mimea hiyo ina wenyewe, usijichumie. Kaskazini zaidi, kwenye nyanda za changarawe mashariki ya Swakopmund, kuna welwitschia, mmea wenye majani mawili tu maisha yake yote, ambayo upepo huyachana hadi yakaonekana kama rundo la matambara. Baadhi inakisiwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Ni mmea usiopendeza, niseme ukweli, na Wanamibia wameuweka kwenye nembo ya taifa lao.

Kwenye nembo hiyohiyo wamo choroa wawili. Mnyama huyu ndiye somo bora la mwili na joto kwa mtembeaji. Choroa huliacha joto la mwili wake lipande hadi karibu nyuzi 45 bila kutoka jasho, akihifadhi maji. Ubongo wake haudhuriki kwa sababu damu inayoelekea kichwani hupozwa kwanza kwenye mtandao wa mishipa midogo, karibu na damu iliyopoa kwa kupita puani.

Sisi hatuna mtandao huo. Joto letu la ndani likipita nyuzi 40 tunaanza kuchanganyikiwa, na kinachofuata ni kiharusi cha joto, ambacho huua. Kinga yetu ni jasho peke yake, na jasho ni maji. Mtu anayepanda tuta juani anaweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa, naye asijue, kwa kuwa hewa kavu hulikausha jasho kabla halijalowesha shati. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuona jasho likimtiririka Kariakoo au Mombasa, hudanganyika kirahisi huko. Akijiona mkavu hudhani mwili wake hautumii maji. Mtu wa kilo 70 akipungukiwa lita moja na nusu tu, tayari nguvu zimeshuka na moyo unakwenda mbio. Kiu nayo huchelewa kutoa taarifa.

Kwa hiyo jibu la chupa ni hili: lita moja kwa kila saa ya kutembea kwenye joto, na usianze mwendo wa kutwa ukiwa na chini ya lita tatu au nne. Kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara. Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo yana hatari yake, kwani huzimua chumvi ya damu na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hufanana na za kukosa maji, hivyo mgonjwa huongezewa sumu ileile. Beba karanga zenye chumvi, na pakiti za ORS za duka lolote la dawa. Vaa mikono mirefu iliyolegea na kofia yenye ukingo mpana. Anayetembea kifua wazi ili apate upepo anajikausha haraka zaidi. Na ukimwona mwenzako ameacha kutoka jasho, anajikwaa, anajibu maswali kinyume, mwendo umekwisha: kivulini, mvue nguo za juu, mloweshe, mpepee, tafuta msaada.

Turudi kwenye mto. Ninachowashauri wageni wenye siku za ziada ni kuufuata Tsauchab kinyume, kutoka unapofia kurudi unapotokea, kwa sababu ndipo jangwa linapojieleza lenyewe. Kituo cha kwanza ni Sesriem, ambako mto umekata ufa mwembamba kwenye mwamba wa kokoto zilizoshikamana. Ufa una urefu wa kama kilomita moja na kina cha hadi mita 30, na pengine ni mwembamba hivi kwamba ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Unashuka kwa miguu, na baada ya mvua hukuta madimbwi. Tazama kuta zake: kuna matabaka ya kokoto kubwa, mchanga, kokoto tena. Kila tabaka la kokoto ni mafuriko yaliyokuwa na nguvu ya kuviringisha mawe. Kama kuna mawingu mazito upande wa milima, usiingie, hata kama juu yako mbingu ni buluu. Maji ya jangwani huja kutoka mvua usiyoiona.

Kituo cha pili ni milima ya Naukluft, na hapa wageni wa haraka hupungukiwa kabisa, kwa sababu kwenye matangazo ya kitalii milima hii haionekani. Kuna njia mbili za siku moja. Ile ya Olive ina kilomita 10, na mahali fulani korongo linabana kiasi kwamba unashika minyororo iliyofungwa mwambani na kujivusha pembeni juu ya dimbwi. Ile ya Waterkloof ina kilomita 17, nayo inafuata kijito chenye maji ya kweli, madimbwi ya kuogelea, na maporomoko yaliyoganda kuwa chokaa. Chokaa hiyo ni maji pia. Mvua chache hupenya kwenye miamba ya milima, huyeyusha chokaa, kisha zikitokea kwenye chemchemi huitua tena, tabaka juu ya tabaka, hadi ukuta mzima unaonekana kama mshumaa ulioyeyuka. Pundamilia wa milimani huacha njia zao kwenye miteremko, na nyani hukaa wakikuangalia mkoba. Kwa wenye nguvu kuna mzunguko wa kilomita 120 unaochukua siku nane, na huo si wa kujaribia.

Ile njia iliyo mbali kusini ni ya Korongo la Fish River, katika hifadhi ya ǀAi-ǀAis. Korongo lina urefu wa kilomita 160 hivi, upana hadi 27, na kina cha hadi mita 550. Ardhi ilipasuka na kudidimia hapo zamani mno, barafu na mto vikaendelea na kazi, na leo mto uliolichimba huonekana kama uzi wa madimbwi chini kabisa. Njia ya miguu huanza karibu na kambi ya Hobas na kuishia kwenye chemchemi za maji moto za ǀAi-ǀAis, kilomita kama 85, siku nne au tano. Siku ya kwanza ni mteremko mkali unaotesa magoti, sehemu nyingine ukishikilia minyororo. Zinafuata siku mbili za mawe makubwa na mchanga, kisha bonde hupanuka na mwendo huwa mwepesi. Hakuna nyumba ya kulala, hakuna duka, hakuna mtandao wa simu. Unalala mchangani, unachota maji kwenye madimbwi na kuyachemsha au kuyatibu kwa vidonge. Kuelekea mwisho wa msimu baadhi ya madimbwi hukauka, kwa hiyo waulize walinzi wa Hobas hali ya mto kabla hujashuka.

Masharti ya njia hii ndiyo yanayolalamikiwa kuliko yote. Hufunguliwa tarehe 1 Mei na kufungwa 15 Septemba. Lazima uwe na cheti cha daktari kisichozidi siku 40. Umri usipungue miaka 12. Kushuka na kupanda siku hiyohiyo hairuhusiwi kabisa. Ukizingatia niliyosema juu ya jasho, kila sharti lina hesabu yake. Nje ya msimu huo chini ya korongo joto hupita nyuzi 40, kuta za mawe hurudisha joto la jua usiku kucha, na mvua za mbali zinaweza kuleta mafuriko. Aliyeshuka kwa mchezo wa nusu siku hupanda mita 500 saa sita mchana, wakati maji yake yamekwisha. Binafsi ningependa hifadhi zetu za milimani zenye njia ngumu ziige sharti la cheti. Tumezoea kumpima mtu afya akiwa tayari amelala kwenye machela.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi. Wakati mzuri ni Mei hadi Septemba. Mchana ni wa kupendeza, lakini usiku wa Julai huko Sesriem joto hukaribia sifuri, hivyo koti zito si anasa. Kutoka Windhoek hadi Sesriem ni zaidi ya kilomita 300, sehemu kubwa changarawe. Huendeshwa kushoto kama kwetu, ila changarawe ile hudanganya. Ukizidi kilomita 80 kwa saa gari huanza kuelea kwenye kona. Beba spea mbili, jaza mafuta kila unapoyaona, usisafiri usiku. Kambi za Sesriem, Naukluft, Hobas na ǀAi-ǀAis ziko chini ya shirika la serikali, Namibia Wildlife Resorts, na hapo ndipo pa kuweka nafasi. Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi ya Afrika Kusini, na zote mbili hupokelewa. Ukikutana na mzee aliyewahi kuwa mpiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, mwamkie kwa shikamoo. Kambi yao ya Kongwa, mkoani Dodoma, ilikuwa makazi ya vijana wengi wa Namibia tangu miaka ya 1960, na usishangae ukajibiwa marahaba.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala, nalo ni kutoka nje ya njia. Juu ya tuta nyayo zako zitafutwa na upepo kabla ya jioni. Kwenye nyanda za changarawe ni kinyume. Uso wa pale umeshikwa na ganda jembamba na viumbe vidogo vya rangi ya chungwa na kijivu vinavyoishi kwa ukungu, vikikua polepole mno. Alama za magurudumu zilizokatwa huko miongo kadhaa iliyopita bado zinaonekana, kwa sababu hakuna mvua ya kuzifuta. Gari libaki barabarani, na miguu ibaki kwenye njia iliyowekewa alama.

Kwa anayeanza, mpangilio wangu ni huu: matuta ya Sossusvlei asubuhi ya kwanza, ufa wa Sesriem jioni yake, Waterkloof siku ya tatu ukiwa umepumzika. Fish River iache kwa safari ya pili, baada ya miezi ya mazoezi ya kubeba mzigo mlimani, na tafuta wenzako kabla ya kutafuta tiketi. Kikundi hakipungui watu watatu; wakifika wawili Hobas, hawateremki.